Magari ya vita ya Firauni na picha tulizoziamini



Ndugu Waislamu, katika darsa moja niliyoisomesha Kibaoni, mkoani Katavi, tulikuwa tukipitia kisa cha Nabii Musa (A.S.) kama kilivyokuja katika Sura ya 26, Ash-Shuaraa. Ilikuwa baada ya sala ya Isha. Wazee na vijana walikuwa mbele, na nyuma ya pazia walikuwapo akina mama pamoja na watoto wao. Nilipofika pale bahari ilipowafunika Firauni na majeshi yake, kijana mmoja aliyeegemea nguzo alinyanyua simu yake akasema: "Sheikh, hata magurudumu yao yamepatikana. Haya hapa." Simu ikapita mkono kwa mkono, na kila aliyeitazama alitoa takbira.

Ilipofika kwangu nilinyamaza kidogo, kwa kuwa picha ile niliifahamu. Inaonyesha kitu cha mviringo chenye rangi ya dhahabu na spoku nne, kimelala juu ya mchanga chini ya maji. Niliifahamu kwa sababu miaka kadhaa iliyopita mimi mwenyewe niliisimulia juu ya mimbari siku ya Ijumaa. Niliwaambia waumini kwamba wataalamu wa mambo ya kale wameyakuta magari ya Firauni kwenye sakafu ya Bahari ya Shamu. Baada ya sala, mwalimu mmoja wa sekondari alinifuata kwa adabu na kuniuliza: "Sheikh, gurudumu hilo limehifadhiwa katika makumbusho gani?" Sikuwa na jibu. Ikanibidi nikalitafute, na nililolikuta huko ndilo ninalotaka kulieleza leo.

Kabla sijamjibu yule kijana wa Kibaoni, mzee mmoja mwenye mkokoteni wa ng'ombe, anayesomba mpunga wa watu wakati wa mavuno, naye aliongeza lake: "Sheikh, ikiwa watu wa Misri walikuwa na magari ya kukokotwa na farasi miaka elfu tatu iliyopita, nao wamo katika bara hili hili, mbona wazee wetu hapa walibeba kila kitu kichwani mpaka juzi?"

Maswali yote mawili yalikuwa mazuri. Nitaanza na gari lenyewe, kwani ni vigumu kuipima habari ya gurudumu bila kujua gurudumu la kweli lilikuwaje.

Gari lililobebwa na mtu mmoja

Wamisri waliojenga mapiramidi makubwa hawakuwa na magari ya vita. Farasi na gari jepesi la magurudumu mawili liliingia Misri baadaye, kiasi cha miaka 1,600 kabla ya kuzaliwa Nabii Isa (A.S.), na wanahistoria wengi wanauhusisha ujio huo na wageni walioitwa Wahiksosi, watu wa asili ya Asia ya Magharibi walioitawala Misri ya kaskazini kutoka mji wa Avaris. Waliokuja kuwafukuza Wahiksosi waliijifunza silaha hiyo hiyo. Askari mmoja aliyeitwa Ahmose mwana wa Ebana aliacha habari zake kwenye kuta za kaburi lake huko El Kab, na humo anaeleza jinsi alivyomfuata mfalme kwa miguu, mfalme akiwa juu ya gari lake.

Msomaji asilifananishe gari hilo na mikokoteni yetu. Mkokoteni wa mzee wangu wa Kibaoni una ekseli ya chuma na matairi ya gari, na mbao zake peke yake zinahitaji watu kuzinyanyua. Gari la vita la Misri lilikuwa na uzito wa kilo 30 na kitu hivi, na katika michoro ya kale anaonekana mtu mmoja amelibeba begani. Tunayajua haya kwa yakini kwa kuwa yapo magari halisi tunayoweza kuyatazama. Mwaka 1922, Howard Carter alipolifungua kaburi la Tutankhamun, alikuta humo magari 6 yamefunguliwa vipande vipande. Lipo jingine lililotoka Thebes, ambalo liko Florence nchini Italia tangu karne ya 19.

Mafundi wake walikuwa watu wa ajabu. Kila spoku iliunganishwa kwa vipande viwili vya mti uliopindwa kwa joto, vikagandishwa kwa gundi na kufungwa kwa ngozi mbichi, ambayo ikikauka hukaza kuliko kamba yoyote. Sakafu haikuwa ya mbao, ilisukwa kwa mikanda ya ngozi ili mpanda gari asirushwerushwe barabara inapokuwa mbaya. Ekseli iliwekwa nyuma kabisa, chini ya visigino vya askari, na kwa ajili hiyo gari liliweza kukata kona kwa kasi bila kupinduka. Miti iliyofaa kwa kazi hiyo haikuota Misri. Baadhi ya mbao, na magome yaliyofungiwa viungo ili maji yasipenye, yalitoka nchi za baridi za kaskazini. Hivyo taifa lililojiona halina mshindani duniani lilitegemea misitu ya watu wengine ili kutengeneza silaha yake kuu.

Walipanda watu wawili. Mmoja alishika hatamu na mara nyingi ngao, wa pili alikuwa na upinde uliounganishwa kwa mti, pembe na mishipa ya mnyama, wenye nguvu kupita upinde wa kawaida. Gari halikukusudiwa kuugonga ukuta wa askari, kwani kwa wepesi wake lingevunjika. Lilipita mbele ya adui kwa kasi huku mishale ikimiminika, likageuka kabla halijafikiwa, likarudi tena. Pembeni yake walikimbia askari wa miguu waliowamaliza walioanguka na kumlinda dereva. Adui alipovunjika na kukimbia, gari ndilo lililomfuatia.

Gharama yake haikuwa ndogo. Huko Qantir, ulipokuwapo mji wa Ramesses II katika delta ya Nili, wachimbaji kutoka Ujerumani walifukua mazizi yanayokadiriwa kutosha farasi wapatao 460. Kila farasi alihitaji nafaka, maji, mtunzaji na mkufunzi. Yapo pia maandishi ya mafunjo, ya kejeli, ambayo walimu wa Misri waliwapa wanafunzi wanakili ili wapende kalamu kuliko upanda gari. Yanamsimulia kijana anayetumia urithi wake kununua mti wa gari kwa deben 3 za fedha yao na gari lenyewe kwa deben 5, akaenda kujionyesha, mwisho gari likamshinda, akalitupa kichakani na kuishia kuchapwa viboko 100. Wazazi ambao vijana wao wameuza shamba la mirathi ili wanunue pikipiki watamwelewa mwalimu huyo wa kale bila tafsiri.

Ushindi ulioponyoka na habari isiyohakikishwa

Mwaka wa 1457 hivi K.K., Thutmose III aliwakabili wafalme wa Kanaani nje ya mji wa Megido. Alikuwa amelipitisha jeshi lake katika njia nyembamba ya mlimani, ambayo makamanda wake waliiogopa na adui hakuitarajia. Kanaani wakavunjika mara moja. Lakini badala ya kuwafuata, askari wa Misri walitawanyika kukusanya mali iliyoachwa kambini, walioshindwa wakapata muda wa kuvutwa juu ya kuta kwa nguo, na mji ukalazimika kuzingirwa miezi 7. Hesabu ya mateka imechongwa kwenye hekalu la Karnak: farasi 2,041 na magari 924. Ni ngawira kubwa, lakini mwandishi wa mfalme mwenyewe hakuficha kwamba mji ungetekwa siku ile ile lau askari wasingekimbilia mali.

Nilipolisoma jambo hili kwa mara ya kwanza, akili yangu ilikwenda moja kwa moja Uhud. Mwaka wa 3 Hijria, Mtume (S.A.W.) aliwaweka wapiga mishale 50 juu ya kilima na kuwaamuru wasibanduke, washinde au washindwe. Wengi wao walipoona ngawira waliteremka, na farasi wa Makureshi wakazunguka nyuma. Tofauti ni kwamba sisi Waislamu tumeambiwa kosa hilo waziwazi ndani ya Qur'ani, katika Sura ya 3, Aal-Imran, aya ya 152, ili tujirekebishe.

Vita vikubwa zaidi vya magari vilipiganwa Kadeshi, katika nchi ya Sham, kando ya mto ambao Waarabu huuita Asi, mwaka wa 1274 hivi K.K. Upande mmoja alikuwapo Ramesses II na vikosi vyake vinne, kila kimoja kimepewa jina la mungu wao. Upande wa pili alikuwapo Muwatalli II, mfalme wa Wahiti. Ramesses alipoukaribia mji, watu wawili wa jangwani walimjia wakadai wamemtoroka mfalme wa Wahiti, na wakamwambia kwamba mfalme huyo yuko mbali kaskazini, upande wa Halab, anamwogopa Firauni. Habari hiyo ilikuwa tamu, ikaaminiwa. Ramesses akatangulia na kikosi kimoja, vingine vikiwa nyuma njiani.

Wahiti hawakuwa Halab. Walikuwa wamejificha nyuma ya mji huo huo. Ukweli ulijulikana pale wapelelezi wawili wa Kihiti walipokamatwa na kupigwa mpaka wakasema, lakini wakati huo ulikuwa umekwisha. Magari 2,500, kwa hesabu ya Wamisri wenyewe, kila moja likiwa na watu watatu, yalivuka mto na kukipasua kikosi cha pili kikiwa katika mwendo, yakaingia mpaka kambini kwa Firauni. Alichomwokoa ni tamaa ya Wahiti waliokimbilia kupora kambi (tazama jinsi maradhi haya yanavyojirudia), pamoja na kikosi kingine kilichofika ghafla kutoka upande wa pwani. Mji wa Kadeshi haukutekwa. Hata hivyo Ramesses aliporudi nyumbani alijichonga kwenye kuta za mahekalu kadhaa, Abu Simbel, Luxor, Abydos na kwingineko, akiwa peke yake juu ya gari anawateketeza maadui kwa maelfu. Miaka kama 15 baadaye alifunga mkataba wa amani na Wahiti hao hao.

Sasa weka kando ya Kadeshi usiku wa kuamkia Badr, mwaka wa 2 Hijria. Waislamu walikuwa 313 hivi, wana ngamia 70 na farasi 2 tu. Wanasira wanasimulia kwamba watumishi wawili wa Makureshi walikamatwa wakiteka maji. Masahaba walitaka kusikia kwamba hawa ni wa msafara wa Abu Sufyan, wakawapiga mpaka wakasema hivyo. Mtume (S.A.W.) alipomaliza sala aliwalaumu masahaba kwamba waliwapiga walipokuwa wakweli na kuwaacha waliposema uongo. Kisha akawauliza kwa upole idadi ya Makureshi. Hawakuijua. Akauliza wanachinja ngamia wangapi kwa siku. Wakajibu, siku moja 9, siku moja 10. Akatambua kutokana na jibu hilo kwamba jeshi ni kati ya watu 900 na 1,000.

Mfalme mwenye maelfu ya askari aliamini alichopenda kusikia. Mtume wa Allah, mwenye farasi wawili, alihesabu ngamia wa chakula. Na katika Sura ya 49, Al-Hujuraat, aya ya 6, Allah (S.W.) anatuamuru tunapoletewa habari na mtu asiyeaminika tuihakikishe kwanza, tusije tukawadhuru watu kwa kutojua, kisha tukajuta kwa tuliyoyafanya.

Kwa hiyo, mwanangu, picha hii

Nilimwambia yule kijana nililolipata nilipoitafuta asili ya picha. Aliyeeneza habari ya magurudumu baharini ni Mmarekani, Ron Wyatt, aliyefariki mwaka 1999. Hakuwa Muislamu wala hakusomea taaluma ya kuchimba mambo ya kale. Alidai kwamba tangu mwaka 1978 alikuwa ameyaona magurudumu chini ya maji huko Nuweiba, kwenye Ghuba ya Akaba. Hakuna taasisi ya elimu iliyothibitisha madai yake, na gurudumu la dhahabu la kwenye picha haliko katika makumbusho yoyote. Kisha mwaka 2014 tovuti moja ya habari za kubuni, inayotunga vichekesho kwa sura ya habari za kweli, iliandika kwamba mabaki ya jeshi zima la Firauni yamepatikana. Habari hiyo ikatafsiriwa, ikakatwa jina la tovuti, ikaingia katika simu zetu. Kila unapokaribia mwezi wa Muharram na watu kujiandaa kwa saumu ya Ashura, huamka upya.

Liko na jingine linalofanana nalo. Vijikaratasi vingi vimeandikwa kwamba mwili wa Firauni uliokotwa baharini, tena kwa kutaja mwaka 1898. Ukweli ni kwamba mwili wa Ramesses II ulitolewa mwaka 1881 katika shimo la majabali huko Deir el-Bahri, karibu na Luxor, ambako makuhani wa kale waliificha miili ya wafalme wao kuikinga na wezi. Mwili wa Merneptah, mwanawe, ndio uliokutwa mwaka 1898, nao ulikuwa ndani ya kaburi la mfalme mwingine katika Bonde la Wafalme. Hakuna uliotoka baharini. Qur'ani haikumtaja Firauni wa Musa (A.S.) kwa jina lake, na tabibu Mfaransa Maurice Bucaille, aliyependekeza Merneptah katika kitabu chake cha mwaka 1976, alitoa rai yake tu. Ama aya ya 92 ya Sura ya 10, Yunus, inayoeleza kuokolewa kwa mwili wa Firauni uwe ishara kwa wa baada yake, wafasiri wa mwanzo waliielewa kwamba bahari iliutupa mwili ufukweni ili Bani Israili, waliotia shaka kwamba mtu yule anaweza kufa, wauone kwa macho yao. Maana hiyo imekamilika bila ya picha.

Baadhi ya waliokuwapo walihuzunika. Mzee mmoja alisema kwa sauti ya chini kwamba mambo kama haya yawapunguzia vijana imani. Namheshimu, lakini naliona jambo hili kwa jicho jingine. Kijana wa leo anasoma. Atakapofika chuo na kuambiwa mbele ya wenzake kwamba picha ile ni ya uongo, atamkumbuka aliyempa, na atajiuliza ni mangapi mengine aliyopewa ya namna hiyo. Mtume (S.A.W.), katika Hadithi aliyoipokea Imam Muslim, ametufundisha kwamba inamtosha mtu kuhesabiwa muongo kwa kusimulia kila anachokisikia. Hakumtoa katika onyo hilo mwenye nia njema, wala aliyesimama juu ya mimbari.

Isitoshe, tukiitazama Qur'ani kwa utulivu tutaona kwamba haikuyataja magari ya Firauni hata mara moja. Magari 600 teule yametajwa katika Kitabu cha Kutoka cha Biblia. Qur'ani imesema majeshi, na ikaweka uzito mahali pengine: Firauni aliyetuma wapiga mbiu mijini kukusanya watu, akawaita Bani Israili kikundi kidogo (26:53-54); Firauni aliyewauliza watu wake kama ufalme wa Misri na mito ile si yake (43:51). Silaha haikulaumiwa. Waislamu wenyewe wameamrishwa katika Sura ya 8, Al-Anfaal, aya ya 60, waandae nguvu waziwezazo na farasi waliofungwa tayari. Kwa hiyo wahubiri wanaomwonyesha Firauni kama mtu mjinga asiyejua kitu wanakosea pia. Alikuwa na mafundi bora wa zama zake.

Mzee wa mkokoteni

Mzee wangu alikuwa bado anasubiri, nikamgeukia. Nilimuuliza alipitia wapi alipotoka Mpanda mara ya mwisho. Akasema Sitalike, kisha hifadhini. Nikamuuliza: "Na madirisha ya gari?" Watu wote wakacheka, kwa sababu kila anayepita Hifadhi ya Katavi anajua kwamba dirisha likiachwa wazi mbung'o wataingia, na kuuma kwao hakusahauliki.

Jibu la swali lake, au sehemu yake kubwa, lilikuwa ni yule mdudu. Mbung'o, ambaye wengine huku humwita ndorobo, hubeba kijidudu kinachosababisha nagana kwa mifugo na malale kwa binadamu. Tabibu wa kijeshi David Bruce alilithibitisha hilo kwa upande wa mifugo akiwa Zululand katika miaka ya 1890. Farasi ni miongoni mwa wanyama wanaokufa upesi zaidi kwa maradhi hayo. Misri hakuna mbung'o. Gari la vita liliweza kupanda Nili mpaka Nubia, na mfalme Piye wa Kushi, katika karne ya 8 K.K., aliwapenda farasi kiasi cha kuandika hasira yake alipowakuta wameachwa na njaa katika mji alioushinda. Lakini kusini zaidi, katika ukanda wa misitu na vichaka vyenye mbung'o, farasi hakuwa na maisha. Si sababu pekee, kwani barabara na biashara zina nafasi zao, ila bila mnyama wa kukokota gurudumu lingewafaa nini wazee wetu? Walibeba kichwani kwa sababu kichwa cha mtu ndicho kilichopita salama.

Wageni waliokuja na magari walijifunza hilo kwa hasara. Mwaka 1877 wamisionari wa London Missionary Society waliondoka Saadani kuelekea Ujiji na magari ya kukokotwa na ng'ombe. Ng'ombe wakafa kwa wingi, magari yakaachwa, safari ikaendelea kwa wapagazi. Mwaka 1879 Mfalme Leopold II wa Ubelgiji akajaribu njia nyingine. Alimtuma mtu aliyeitwa Carter, si yule wa Tutankhamun, alete tembo wanne wa kufugwa kutoka India. Waliteremshwa Msasani, Dar es Salaam, wakatembezwa bara kuelekea Karema, pale ziwani Tanganyika, ambako leo ni mkoani kwetu. Watatu walikufa njiani. Mmoja alifika Karema mwishoni mwa mwaka huo huo. Mwaka uliofuata, 1880, Carter na mwenzake Cadenhead walikuwa wanarudi kuelekea pwani, wakauawa katika mapigano yaliyohusisha majeshi ya Mirambo wa Unyamwezi.

"Waliuawa wapi?" aliuliza mzee.

Nikamwambia: "Hapa. Mpimbwe."

Msikiti ulinyamaza. Kuna aliyetaja Abraha na Sura ya Al-Fiil, nikamwomba ndugu yetu asiende haraka. Abraha tumeambiwa habari yake na Allah (S.W.). Habari ya Carter tumeambiwa na watu, nayo ina sababu za kisiasa za zama za Mirambo, si haki kuigeuza muujiza. Lakini aya moja niliisoma, ya 73 ya Sura ya 22, Al-Hajj, inayowakumbusha washirikina kwamba wanaowaabudu hawawezi kuumba hata nzi, na nzi akiwapokonya kitu hawawezi kukirudisha. Aya hiyo inahusu udhaifu wa miungu ya uongo. Sikuitumia kudai kwamba imebashiri mbung'o wa Katavi. Niliisoma kwa kuwa inatufunza kutomdharau mdudu, na akili tuliyopewa ni ya kumchunguza: Unguja, baada ya miaka ya kazi ya wataalamu walioachia madume ya mbung'o yaliyofanywa tasa, ilitangazwa mwaka 1997 kuwa haina tena mdudu huyo.

Tulipotoka nje yule kijana alinisubiri penye viatu. Akaniuliza kama aifute picha. Nilimwambia kufuta peke yake hakutoshi, maana alikwisha kuituma katika kundi la vijana wa msikiti na katika kundi la ukoo wao, na huko nako kuna shangazi na wajomba walioipeleka mbele. Airudishie huko huko alikoipeleka, aseme haikuthibiti. Alisita. Akasema wakubwa wake watamwona anawasahihisha.

Nilimwelewa kabisa, kwa kuwa mimi mwenyewe nilikawia. Baada ya swali la yule mwalimu wa sekondari nilipata jibu katika muda wa wiki mbili, na bado zikapita Ijumaa nyingi kabla sijapanda mimbari kusema kwamba nilikosea. Nilipolisema, wengi waliokuwapo siku ya khutba ya kwanza hawakuwapo. Wapo waliohama na wapo waliofariki, Allah awarehemu. Wengine wamekwenda kuwasimulia watoto wao kwamba walisikia kwa sheikh. Siwezi kuwafuata mmoja mmoja. Basi yeyote aliyesikia kutoka kwangu kwamba magurudumu ya Firauni yamepatikana Bahari ya Shamu, ajue kwamba nililisema bila kulihakikisha, na amfikishie hayo yule aliyemsimulia.

Wallahu aalam.